Hivyo vipi? Kwa wanaoanza kazi ya takwimu za umaskini

Sentensi ya kwanza niliyoandika kwenye ripoti ya kazi ilikuwa hii: "Uchumi umekua kwa asilimia 6, hivyo umaskini umepungua." Mzee aliyekuwa msimamizi wangu aliizungushia duara neno "hivyo" kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Hivyo vipi?" Basi. Hakunieleza zaidi, na mimi nilihangaika wiki nzima.

Chukua Tanzania Bara. Kati ya 2011/12 na 2017/18 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Waliokuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani wasiomudu chakula na mahitaji mengine ya lazima, walikuwa asilimia 28.2, wakashuka hadi 26.4. Miaka sita, pointi 1.8. Na kwa kuwa watu waliongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, idadi ya maskini wenyewe haikupungua kabisa. Ilifika takriban milioni 14.

Unapokutana na takwimu za namna hii, ongezeko la watu ndilo la kuondoa kwanza, maana linakula karibu nusu ya ukuaji. Kisha uliza ni sekta gani iliyokua. Ujenzi na madini vilikwenda mbio. Kilimo, chenye karibu theluthi mbili ya nguvukazi, kikawa kinajikokota nyuma. Ndiyo maana vijijini umaskini ulikuwa bado asilimia 31.3, na mijini 15.8. Katika kipindi hichohicho kipimo cha Gini, kinachopima ukosefu wa usawa kuanzia 0 (wote sawa) hadi 1 (mmoja ana vyote), kilipanda, kikafika takriban 0.38.

Sasa shika karatasi. Mstari wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Tuseme mtaa una watu watatu: mmoja anatumia 46,000, wa pili 30,000, wa tatu 300,000. Uchumi wa mtaa ukue kwa asilimia 10, yaani shilingi 37,600.

Kila mmoja akipata asilimia 10 yake, wa kwanza anafika 50,600 na kuvuka mstari. Wa pili anafika 33,000, bado yuko shimoni. Wa tatu akichota 35,000 peke yake na kuwaachia wenzake 2,600 wagawane, havuki mtu. Lakini wa kwanza akipata 4,000 na wa pili 20,000, wote wawili wamevuka, na yule wa tatu bado ameongeza 13,600. Ukuaji ni uleule mara zote tatu.

Wengi huona hatari kwenye mgawo wa pili tu, ule wa uchoyo. Mimi nakuomba urudi kwenye ule wa kwanza, unaoonekana wa haki. Kila mtu kapata asilimia 10, Gini haikutikisika hata kidogo, ila shilingi 30,000 kati ya 37,600 zimekwenda kwa mtu mmoja. Kumbe hata pale ambapo ukosefu wa usawa hauongezeki, ule mliokuwa nao tangu mwanzo unaendelea kuudhoofisha uwezo wa ukuaji kupunguza umaskini. Hilo ndilo jibu la "hivyo vipi", nami lilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ipo. Wanauchumi Datt na Ravallion waliiandika mwaka 1992: unagawa badiliko la umaskini, sehemu ya ukuaji huku na sehemu ya mgawanyo kule. Kuna mabaki yatakayokataa kuingia popote. Yasikutie hofu, yaripoti kama yalivyo.

Mtego mwingine ni huu. Mstari wa 2007 ulikuwa shilingi 13,998. Wa 2011/12 ukawa 36,482. Usikimbilie kusema bei zimepanda kiasi hicho, kwani namna ya kupima nayo ilibadilika. Umaskini wa 2007 uliotangazwa kuwa asilimia 33.6 ulikokotolewa upya ukawa 34.4 ili ulinganishike. Ukichora grafu kwa namba za zamani na mpya pamoja, umechora uongo, hata kama kila namba ina muhuri.

Na usiiamini sana Gini itokanayo na utafiti wa kaya. Nilipokuwa mdadisi, kule uswahilini nilikaribishwa mpaka jikoni, nikapima unga na kuhesabu mafungu ya mchicha. Kwenye nyumba kubwa iliyoangukia sampuli yetu nilifika mara nne. Mlinzi aliniambia bosi amesafiri, kisha amelala, kisha ana wageni. Mara ya nne hakufungua hata kidirisha cha geti. Tukachukua kaya ya akiba, ya mwalimu mstaafu nyumba tatu mbele, aliyejaza shajara yake ya matumizi kwa mwandiko mzuri, hadi chumvi na kiberiti.