Majibu kwa Wasafiri wa Lubumbashi: Kontena Halijatoka Bandarini, Siku Moja Iko Tupu Dar es Salaam

*Ni ufuo gani unaofaa kuogelea? (Mfanyabiashara, Katuba, Lubumbashi)*

Swali hili huletwa kila mwezi, na kila anayeliuliza hutaja hoteli, bei na bia, asiyataje maji hata mara moja. Ndugu yangu, bahari si ziwa la Kipopo. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea karibu dakika 50 kila kukicha. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, nawe ukifika Coco Beach wakati huo utakuta miamba mitupu na majani ya bahari. Rudi alasiri, maji yatakuwa yamekufuata hadi ukingoni. Muulize mvuvi kwanza, ndipo uulize bei ya mihogo ya kukaanga. Vaa viatu vya mpira pia, kwa sababu kwenye miamba hukaa kiumbe cheusi chenye miiba kama nungunungu. Mwiba wake mmoja ulinikatikia kisiginoni, na mama mmoja muuza madafu akanipaka utomvu wa papai bichi huku akinicheka.

*Je, watapokea dola? (Mama wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)*

Hapana, mama. Tangu Machi 2025 sheria ya Tanzania inakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Badilisha dola zako benki au kwenye duka la kubadilisha fedha, wala si kwa kijana anayekufuata barabarani.

*Naweza kwenda Zanzibar na kurudi siku hiyohiyo?*

Boti huchukua karibu saa mbili kwenda tu, na wageni wengi kutoka nje ya nchi hulipa bima ya safari ya dola 44. Subiri uwe na siku tatu.

*Kigamboni kuna nini?*

Ni ng'ambo ya mlango wa bandari; kuna mchanga mweupe na watu wachache kuliko mjini, hasa siku za kazi. Fika Magogoni alfajiri, uone samaki wakipigwa mnada sokoni Feri, kisha uvuke kwa pantoni, safari ya dakika chache. Mwenye gari anaweza kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Sogeza saa yako mbele kwa saa moja, maana wasafiri wetu wengi hufika mnada umekwisha.

*Kiswahili chetu kitaeleweka?*

Kitaeleweka, lakini ukimwambia mzee «jambo» kama tunavyosalimiana hapa, atakudhani mtalii. Mwambie «shikamoo».