Kabla hujachora mti wa ukoo wa mbweha

Wanafunzi wa baiolojia hapa Njoro huniuliza wapate wapi sampuli za mbweha za mradi wa mwaka wa mwisho. Jibu langu ni lile lile: usianze porini. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, vina foleni yake, na mbweha masikio hakungoji kando ya barabara ya Naivasha. Ingia GenBank, hazina ya DNA ya mtandaoni, ambako mifuatano ya DNA ya mitokondria (vijenzi vya nishati vya seli) ya mbweha wengi imewekwa, na ni ya bure. Jeni ya sitokromu b, yenye herufi 1,140, yatosha kuanzia.

Ukishaipanga mifuatano, itafsiri kuwa protini kabla ya kuchora chochote. Programu nyingi hutumia msimbo wa kawaida, ambao husoma herufi tatu TGA kama alama ya kusimama, yaani mwisho wa protini. Kwenye mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo, TGA ni triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, kwa hiyo badilisha hapo kwanza. Alama za kusimama zikibaki katikati ya jeni, huenda umeshika nakala iliyohamia kwenye kiini cha seli zamani. Itupe, hata kama ni ya spishi uliyoitafuta wiki nzima.

Kinachowaponza wengi ni kundi la nje, yaani mnyama wa kulinganishia anayewekwa nje ya ukoo unaouchora. Wanamchukua mbwa, kisha wanaingiza culpeo wa Amerika Kusini kwa kuwa huitwa mbweha. Culpeo na wenzake wa jenasi Lycalopex ni ndugu wa karibu wa mbwa kuliko wa mbweha mwekundu, na mbwa akikaa nje, culpeo analazimika kukaa na wasio wake. Tumia dubu. Hapo utaona mbweha wa aktiki akisogea kwa Vulpes velox, mbweha mdogo wa Amerika Kaskazini.

Halafu kuna suala la mama. Kwetu magharibi mwa Kenya ukoo hufuata baba. Mitokondria hufuata mama tu, hivyo spishi zilizowahi kuzaliana zinaweza kukupotosha. Mwaka 2015 watafiti walipomtenganisha yule aliyeitwa mbweha wa dhahabu (golden jackal) wa Afrika, wakiwemo wa Kenya, na yule wa Ulaya na Asia, walitumia pia DNA ya kiini. Wewe huna fedha hizo, najua. Basi andika "nasaba za upande wa mama" kwenye kichwa cha mradi, kabla jopo la watahini halijakuuliza.