Iskandaria iliniumbua redioni: ushauri kwa wanaotaka kuandika historia

Juzi kijana mmoja kaniandikia akiomba mbinu za kuandika historia ya miji ya kale. Kagusa kidonda.

Mwaka jana redio moja ilinialika nizungumzie Iskandaria, mji wa pwani ya Misri. Nilijiona nimeiva. Nikaanza na Aleksanda Mkuu aliyeuasisi mji mwaka 331 KK, nikaja kwenye mnara wa taa wa kisiwa cha Pharos na lile tuta la mawe lililounganisha kisiwa hicho na bara, bandari ikawa mbili. Simu zikamiminika, kichwa kikavimba. Ndipo nikajitia kwenye maktaba kuu ya kale ya mji huo: Amr bin al-As, jemadari Mwarabu aliyeiteka Misri, alipoingia mwaka 642, nikatamka kwa sauti ya msomi, vitabu viligawiwa hamamu (nyumba za kuogea) 4,000 vikawa kuni za miezi 6.

Akapiga mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Huyo aliyezihesabu hamamu alikuwepo?”

Nikagugumia. Mtangazaji akaweka wimbo.

Nilisoma kwa hasira wiki nzima. Kumbe kisa cha hamamu kinatoka kwa mwandishi Ibn al-Qifti, aliyefariki 1248, miaka 600 baada ya Amr! Na maktaba ilikwisha kuonja moto wa Julius Caesar, jemadari wa Roma, mwaka 48 KK. Miaka ya 270 BK mtaa wa kifalme, ulikokuwa maktaba, ukabomolewa vitani. Mwaka 391 hekalu la mungu Serapis, lililokuwa na tawi la maktaba, nalo likavunjwa. Amr angechoma nini?

Kwa hiyo, kijana wangu, uliza nani aliona. Mtazame Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Mwaka 1326 aliukuta mnara umebomoka upande mmoja, akaingia ndani. Akazunguka dunia, 1331 akatufikia Mombasa na Kilwa, na aliporudi Iskandaria 1349 hata mlangoni hakuweza kufika. Huyo ni shahidi. Sultani Qaitbay wa Misri alipojenga ngome yake hapohapo, miaka ya 1470, mnara ulikuwa kifusi.

Ushauri wa pili ni uleule: uliza nani aliona, na lini. Nyie mnaonakili mitandaoni usiku mkasoma redioni asubuhi, mnawasingizia marehemu wasioweza kupiga simu. Muogopeni Mungu!

Redio haijaniita tena, na sijidai haikuniuma. Mzee nilimtafuta mwenyewe. Ameniazima safari za Ibn Battuta, kurasa za Iskandaria kazikunja pembe, na kila Ijumaa ananiuliza nimefika wapi.