Kaunta inasoma fremu 110 lakini gemu inashikashika: usiuze kadi bado

Mkuu, hiyo kadi ya picha, RTX 3060, iache ilipo kwanza. Umesema umeiunga kompyuta mwenyewe kwa mara ya kwanza, prosesa ni Ryzen 5 5600, RAM GB 16 kwa vijiti viwili, kaunta pembeni ya skrini inasoma fremu (picha moja moja za gemu) 110 kwa sekunde, lakini gemu inashikashika kama mtu mwenye kigugumizi, na ukicheza na wenzako mtandaoni maadui wanaruka kutoka ukuta huu hadi ule. Wadau wawili hapo juu wamekwambia kadi ni ndogo. Mimi sioni kosa la kadi. Haya yalinikuta na mimi, yakanila karibu wiki mbili, na muda mwingi niliupoteza kwa kubadilisha hiki na kile bila kupima chochote.

Kwanza, hapo una magonjwa mawili, usiyape dawa moja. Maadui kuruka ni mtandao. Picha nzima kushika, hata ukiwa peke yako unazungusha kamera tu, ni mashine. Ingia sehemu ya mazoezi isiyohitaji intaneti. Kitakachobaki kinakusumbua huko ndicho cha kompyuta.

La mtandao tulimalize hapa hapa. Fungua dirisha la amri, andika ping, anwani ya ruta yako (nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha -t, uiache ikiandika huku unacheza. Kwa waya, ruta hujibu ndani ya milisekunde 1 au pungufu. Ukiona 2, 3, 2, halafu ghafla 180, basi shida iko kati yako na ruta, yaani Wi-Fi. Vuta waya. Ruta ikiwa imetulia na adui bado anaruka, angalia kama kuna mtu nyumbani anapandisha video wakati huo huo. Kama hakuna, shida iko kwa mtoa huduma au kwenye seva ya gemu, na hakuna kifaa utakachonunua kikaiponya.

Sasa hiyo kaunta. Fremu 110 ni wastani wa sekunde nzima, na wastani unaficha mengi. Piga hesabu: fremu 109 zitoke kila moja kwa milisekunde 8 na robo, jumla kama 900. Fremu moja iliyobaki ikae milisekunde 100 peke yake. Sekunde imetimia, kaunta inasoma 110, kila mtu anakwambia mashine yako ni kali, ila jicho lako limeona picha ikisimama sehemu ya kumi ya sekunde. Hiyo moja ndiyo inayokuudhi. Kwa hiyo namba ya kuangalia ni muda wa kila fremu, siyo idadi yake. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu imepewa milisekunde 16.7, 144 ni kama 6.9. Mstari ukinyooka kwenye 16.7 utauona mchezo laini kuliko mstari unaorukaruka kati ya 6 na 40.

Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, washa muda wa fremu uonekane kama grafu, siyo namba. Ongeza matumizi ya kadi, matumizi ya kila kiini cha prosesa, VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe), RAM na joto. CapFrameX nayo ni nzuri kama unataka kurekodi na kulinganisha kabla na baada. Ukishakuwa na huo mstari, acha kubahatisha, usome kama daktari anavyosoma mapigo.

Nikupe kisa changu. Yangu ilikuwa inashika kidogo, mara moja, halafu inaendelea. Nikafuta draiva ya kadi (programu inayoiongoza) kwa DDU, kifaa cha kuifuta kabisa, nikiwa kwenye hali salama ya Windows, nikaweka upya, wapi. Nikashusha ubora wa picha hadi wahusika wakawa kama wamechongwa kwa shoka, wapi. Nikafuta Windows yote nikaanza upya, na usiku huo gemu ikateleza kama mafuta. Nikalala nimefurahi. Kesho yake jioni, kigugumizi kile kile. Nikaapa ni kadi, nikaanza kuitafutia mnunuzi.

Kilichoniokoa ni uvivu. Nilikuwa nimechoka kucheza, nikamsimamisha mhusika uso kwa ukuta, hakuna kinachotembea, nikawa naangalia mstari tu. Ukapiga mwiba, yaani ukaruka juu ghafla na kushuka. Kimya. Mwiba. Kimya. Nikachukua simu nikawasha saa ya kuhesabu: mwiba, sekunde tano, mwiba, sekunde tano, mwiba. Bila kukosea. Hapo nikajua siyo gemu. Gemu haina sababu ya kushika kila baada ya sekunde tano ukiwa umeangalia ukuta. Saa ni ya kitu kingine kinachoamka, kinafanya kazi yake, kinalala.

Nikaanza kuzima programu za nyuma moja moja, nangoja sekunde 20, naangalia mstari. Ya sita ilikuwa programu ya kuongozea taa za feni. Ile inayokufanya kasha liwe kama ukumbi wa harusi. Kumbe kila sekunde tano ilikuwa inasoma vihisi vya joto ili ibadilishe rangi, na kila ikisoma inaishikilia mashine kidogo. Nilipoizima pamoja na huduma yake inayojificha nyuma, mstari ukanyooka papo hapo. Ndiyo maana ule usiku wa Windows mpya kulikuwa na amani: nilikuwa sijaiweka bado. Niliiweka asubuhi yake, nikasahau kabisa kwamba nimeiweka. Taa zangu sasa ni nyeupe siku zote na sijazikumbuka zile za rangi.

Tangu hapo kitu cha kwanza ninachomuuliza mtu ni mwiba unakuja lini.

Ukija kwa saa, kila baada ya muda ule ule, ni programu ya nyuma: taa, vipima joto (hata HWiNFO yenyewe husoma vihisi kila baada ya sekunde 2 usipobadilisha), programu ya kipanya, ya kurekodi skrini. Ukija unapoingia sehemu mpya au unaporusha bomu kwa mara ya kwanza, kisha ukirudi pale pale haupo, hizo ni sheda (vijiprogramu vya kadi vya kuchora picha) zinazotengenezwa palepale wakati unacheza. Magemu mengi ya DirectX 12 (mfumo wa Windows wa kuchora picha za gemu) yana ugonjwa huu na hakuna mashine inayoukwepa kabisa. Unaweza kuwa na kadi ya bei kali kuliko zote ukauona. Gemu ikisema ngoja natayarisha sheda, ngoja, usiruke. Na ukumbuke kila ukibadilisha draiva kazi hiyo inaanza upya, kwa hiyo usihukumu draiva mpya kwa dakika 10 za kwanza.

Ukianza vizuri halafu ukazidi kadiri muda unavyokwenda, angalia joto na kujaa. Prosesa ya kizazi chako ikikaribia nyuzi 90 inaanza kujipunguzia kasi. Nimewahi kumfungulia jamaa yangu kasha, mashine inashika baada ya dakika chache tu za kucheza, nikakuta ile karatasi laini ya plastiki bado imebandikwa chini ya kipoza joto, na maandishi yake ya kuomba uitoe kabla ya kufunga yanasomeka vizuri. Pesti ya kupitisha joto imepakwa juu ya plastiki. Tulicheka hadi machozi, ila usijione mjanja, fungua uangalie na yako. Kwa VRAM, kadi yako kama ni ile ya GB 12 sina wasiwasi nayo. Mwenye GB 8 na ubora wa juu wa sura za vitu ndiye anayeona kadi ikijaa, data inamwagikia kwenye RAM ya kawaida, na kila ukigeuka lazima iitwe kutoka mbali.

Na kama kompyuta nzima inasimama, sauti inakoroma, hata ukiwa kwenye kivinjari tu, hiyo ni familia nyingine. Kwenu wa Ryzen kuna jambo linalojulikana: Machi 2022 AMD, watengenezaji wa Ryzen, walitangaza wenyewe kwamba fTPM (sehemu ya usalama iliyojengwa kwenye mfumo wa prosesa) kwenye baadhi ya mifumo ya Windows 10 na 11 inasababisha mashine kushika kwa vipindi visivyo na mpangilio, na dawa yake ni BIOS mpya (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta). Ubao mama wako kama ulikaa ghalani muda mrefu huenda una BIOS ya kabla ya hapo. Sasisha, ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wake mkononi, usije ukajifungia nje. BIOS ikiwa mpya na bado sauti inakoroma, washa LatencyMon iendeshe dakika kadhaa, itakutajia draiva inayochelewesha wengine.

Lakini wewe mkuu, sidhani kama utafika huko. Nimekuza ile picha ya ndani ya kasha uliyoweka. Ubao una sloti nne za RAM na vijiti vyako vyote viwili vimekaa pamoja, sloti ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa, vinagusana mabega. Hapo vyote viko kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya data kwenda kwa prosesa. Pia umeandika kwamba Task Manager inaonyesha kasi 2133 wakati boksi limeandikwa 3200, ukadhani umeuziwa feki. Hujauziwa feki. RAM huanza kwa kasi ya chini ya usalama mpaka uingie BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo kwenye baadhi ya mbao za AMD imeandikwa DOCP.

Angalia hizo mbili zinakugharimu nini. Chaneli moja kwa 2133 inapitisha kama GB 17 kwa sekunde. Chaneli mbili kwa 3200 ni GB 51. Una barabara theluthi moja ya uliyolipia, na prosesa inakaa foleni ikingoja data huku kadi inapiga miayo. Dalili yake utaiona kwenye grafu: mwiba ukipiga, matumizi ya kadi yanashuka, labda kutoka asilimia 95 hadi 60. Kadi ingekuwa ndiyo ndogo, ingekaa 99 muda wote na mstari ungekuwa juu lakini umenyooka.

Leo usiku fanya hivi. Rekodi dakika 10 za mazoezi kama ilivyo, usiguse kitu. Zima, chomoa umeme, shika chuma cha kasha kuondoa chaji mwilini, hamisha vijiti viende sloti ya pili na ya nne, ubonyeze mpaka usikie klik. Ukiwasha, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda kwa sababu ubao unaizoea RAM upya, usiogope, usizime. Ikiwaka vizuri, rekodi tena dakika 10 zile zile. Ndipo uingie BIOS uwashe XMP, urekodi mara ya tatu. Ikigoma kuwaka baada ya XMP, futa mipangilio ya BIOS kwa kuchomoa ile betri ndogo ya duara dakika chache, kisha ujaribu 3000 badala ya 3200. Ikiwaka lakini inaanguka anguka, ipitishe MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha.

Usibadilishe kingine chochote katikati, hata draiva. Kisha weka hapa grafu zote tatu, toleo la BIOS, na uniambie kama una programu ya taa.