Jupiter-3 kwenye Leica M3: jicho blaa, panja kali

Swali: Shikamoo fundi. Nina Leica M3, kamera ya filamu, na lenzi ya Elmar 50 ya f/2.8 ambayo haijawahi kunisumbua. Juzi nimenunua lenzi ya Jupiter-3 ya 1956, ile ya Mrusi, naifunga kwa adapta. Nikimpiga mtu picha kutoka mita 1 kwa f/1.5, yaani apecha (tundu la mwanga) wazi kabisa, nalenga jicho, lakini kinachotoka kali ni panja na nywele za pembeni. Minara ya mbali iko sawa. Lenzi hiyohiyo kwenye Sony yangu ya mirolesi iko kali mpaka raha. Kuna mtu kaniambia kosa ni rangifainda (kipima umbali) ya kamera, ataigeuza ifuate lenzi. Nimpe?

Jibu: Marahaba. Usimpe. Na kama kamera ishafika mezani kwake nenda kaichukue leo, mengine tutaongea baadae.

Swali hili naletewa kila mara na kila mara linakuja na maneno yaleyale, "mbona kwenye mirolesi iko kali". Jamani. Kwenye mirolesi unaangalia picha inayopita kwenye lenzi yenyewe, unazungusha mpaka unaona imekaa, kwa hiyo lenzi ikiwa imekosewa vipimo wewe hujui maana mkono wako umeshafidia. Ulichothibitisha pale ni kwamba vioo ni vizima, basi. M3 haioni kitu kupitia lenzi. Fungua lenzi uchungulie ndani kwa juu, utaona kigurudumu kidogo kwenye mkono wa chuma, kile kinaegemea ukingo wa nyuma wa lenzi, lenzi ikitoka nje nacho kinafuata, na huo mkono ndo unaosogeza ile picha ya pili unayoilinganisha ukichungulia. Yaani kamera inaambiwa tu lenzi imetoka kiasi gani, inaamini.

Inaamini kwa hesabu ya nani sasa? Hapo ndo kwenye shida. Lenzi zote mbili zimeandikwa 50 au 5 cm, huo ni urefu wa fokasi, lakini hakuna hata moja iliyo 50 kamili. Leica walipanga rangifainda zao kwa lenzi ya milimita 51.6. Zeiss na kamera yao ya Contax walienda na 52.4. Jupiter-3 ni Sonnar, muundo wa lenzi wa Zeiss, kazi ya Ludwig Bertele ya miaka ya 1930, Warusi waliichukua baada ya vita wakaivalisha mwili wenye uzi wa 39 mm kama wa Leica. Uzi ukaingia, hesabu ikabaki ya Zeiss. Kuingia sio kuelewana.

Piga hesabu uone. Mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye filamu, lenzi ya 51.6 inatakiwa itoke nje kama milimita 2.98. Ya 52.4 inatakiwa itoke 3.08. Kamera ikipata 2.98 inakwambia tayari, picha mbili zimepatana, piga, kumbe Jupiter bado inadaiwa milimita 0.1. Hiyo 0.1 unayoidharau inatupa fokasi kama sentimita 3 nyuma ya ulipolenga, na kwa f/1.5 kwa umbali huo ukali wote ulionao, mbele na nyuma, ni kama sentimita 3 tu, yaani moja na nusu kila upande. Jicho mpaka panja ni ngapi? Pima kwa rula kwenye uso wako. Minara iko sawa kwa sababu huko mbali deni halipo, linaanza na kukua kadiri unavyosogea karibu, ndo maana mtu anayepima lenzi kwa infiniti (mbali kabisa) peke yake akasema "iko poa" mimi simsikilizi.

Kwa hiyo kamera yako haina kosa, na shahidi unaye mwenyewe ni hiyo Elmar.

Kabla hujafungua chochote pima vizuri. Mimi natumia betri tano za redio, nazipanga mshazari mezani kila moja sentimita 2 nyuma ya mwenzake, kamera kwenye stendi mita 1, nalinganisha rangifainda kwenye betri ya tatu. Shata kwenye B ibaki wazi, waya wa shata umefungwa, kifuniko cha nyuma wazi, kipande cha kioo chenye ukungu kinakaa kwenye reli za filamu upande wa ukungu ukitazama lenzi, naangalia kwa lupu (kioo cha kukuzia). Kioo kikate kiwe chembamba kikae kwenye zile reli mbili za ndani. Kikikaa za nje kinakuwa mbali kuliko filamu, na kosa hilo tu ni kubwa kuliko 0.1 unayoitafuta, watu wanahangaika siku nzima kwa sababu ya kioo kilichokatwa kipana.

Ikithibitika ukali umeangukia kati ya betri ya nne na ya tano, njia rahisi ni shimu. Kati ya donge la vioo na mwili wa lenzi kuna pete nyembamba, ukiiongeza unene wa 0.1 mita 1 inakaa sawa. Bati la kopo la soda lina unene wa kama huo, nimekata shimu nyingi humo na hazijaniaibisha. Karatasi hapana, inabonyea na inanyonya unyevu. Ila ujue hiyo shimu ina gharama yake, ukizungusha lenzi mpaka mwisho haifiki infiniti, inaishia kama mita 27, mpaka ubane apecha f/4 au zaidi ndo minara inarudi. Kwa mtu wa picha za sura haimsumbui. Anayetaka vyote viwili, kundi la vioo la nyuma linazungushwa ndani kidogo ili urefu wa fokasi upungue, afu shimu inapimwa upya, na hiyo sio kazi ya kujifunzia kwenye lenzi uliyolipia hela.

Na usishangae ukishairekebisha kwa f/1.5 ukakuta kwenye f/2.8 fokasi imerudi nyuma kidogo. Sonnar ndo zilivyo, zinahama ukibana apecha. Chagua apecha unayoitumia sana tuiweke hapo, huwezi kuzipata zote.

Sasa turudi kwa huyo jamaa wa kugeuza kamera, maana hayuko peke yake. Kuna wanaopiga msasa ukingo wa nyuma wa lenzi, pale kigurudumu kinapoegemea, eti "nimepunguza kidogo". Chuma hakioti, na ukingo ule unazunguka na lenzi, ukiusaga upande mmoja zaidi kila umbali unakuwa na kosa lake. Kuna wanaotia mafuta ya cherehani kwenye nyuzi za kuzungushia, wiki mbili lenzi laini kama siagi, mwezi wa tatu mafuta yameshatembea mpaka kwenye majani ya apecha. Kuna waliochomoa nyuzi hizo bila kuweka alama zilipoachana, zina milango kadhaa ya kuingilia na mmoja tu ndo sahihi. Nishafungua Jupiter moja ndani nikakuta karatasi ya sigara tabaka nne na supagluu, mwenye lenzi ananiambia ilifanyiwa "kalibresheni".

Na kugeuza kamera ifuate lenzi moja ndo upuuzi wa kwanza kabisa, maana kila lenzi nyingine uliyonayo na utakayonunua inakuwa mbovu siku hiyohiyo. Mteja mmoja alikuja na Leica M2 iliyogeuzwa hivyo kwa ajili ya Jupiter, Jupiter yenyewe alishaiuza zamani, amebaki na lenzi tatu za Leica anazozilaumu. Kuirudisha ilikuwa kazi ya nusu saa, ila skrubu ya kwenye kigurudumu ilikuwa imeshaliwa kichwa na bisibisi isiyo saizi yake, hiyo ndo iliyonikalisha mpaka jioni.