Shangazi, nilipie familia kuona vitanda vya mzungu?

SWALI: Habari Shangazi. Jumapili nataka tutoke kama familia, mimi, mzee, watoto wawili (7 na 11) na shosho wao anayetembea na bakora. Nimefikiria ile nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa hapa Nairobi, siku hizi ni makumbusho, lakini mzee anasema hawezi kulipa pesa kuangalia vitanda vya mzungu aliyekufa kitambo, eti bora twende mall. Nisikize nani? – Mama Wawili, Rongai

JIBU: Mama Wawili, mzee ana pointi. Tena fanicha nyingine hapo si hata ya huyo mama, ni vitu vya Out of Africa, ile filamu ya 1985 ya maisha yake, walivyopewa makumbusho, kwa hivyo mkiendea vitanda mtamaliza haraka sana na watoto waanze kulia njaa.

Mimi ningeanzia nje. Kuna mashine za zamani za kahawa kwa uwanja, waache watoto wazizunguke, na hapo mzee aingie na stori: Karen na bwanake waliingia hiyo nyumba 1917, ilikuwa imejengwa 1912, shamba nalo ekari kama 6,000, lakini kahawa ikagoma kwa sababu pale ni juu sana, baridi, mvua nayo inakosa, kiwanda kikaungua, mpaka 1931 shamba likauzwa akarudi Denmark. Aliyenunua akakata ploti, na ndio huo mtaa wa Karen wa leo wenye mageti makubwa (huyo ndiye aliona pesa!).

Ndani, mwelekezi akianza mambo ya mapenzi na Denys Finch Hatton, yule wa ndege iliyoanguka Voi, mwacheni amalize halafu muulizeni kuhusu maskwota. Hizo ni familia za Wakikuyu zilizoishi kwa hilo shamba zikimfanyia mzungu kazi ndio ziruhusiwe kulima, na shamba lilipouzwa zikaambiwa zihame. Karen alihangaika kwa serikali mpaka wakapewa mahali pa kuhamia pamoja. Kwangu hiyo ndiyo stori ya hiyo nyumba, na usishangae shosho akiwa na yake ya kuongezea.

Nyumba haina ghorofa kwa hivyo bakora si shida, na nyuma kuna nyasi na miti mikubwa, vilima vya Ngong vile pale, anaweza kuketi mkizunguka. Watoto wakibaki na nguvu, Giraffe Centre ya Langata si mbali, wanalisha twiga kwa mkono.

Malipo ni eCitizen siku hizi, ule mtandao wa serikali wa kulipia huduma, kwa hivyo hakikisha M-Pesa ya mzee iko na kitu kabla hamjatoka Rongai.