Kabla ya betri, uliza upepo unavuma saa ngapi

Nikikutana na vijana waliomaliza uhandisi, au maafisa wa kaunti wanaotaka mradi wa upepo, swali huwa lile lile: kwa nini tusiweke betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa upepo tukamaliza maneno? Nimefanya zamu za chumba cha kuongoza gridi kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba betri ije mwisho. Kwanza niambie upepo wako unavuma saa ngapi, na watu wako wanatumia stima saa ngapi.

Tuchukue Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana. Kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa kule hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, hushika kasi usiku wa manane kuelekea alfajiri, kisha hulegea alasiri. Sisi nasi stima tunaihitaji zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Ikifika saa tisa usiku, viwanda vingi vimelala na mahitaji yameshuka mno, ilhali upepo ndio kwanza umechangamka.

Ukiwa zamu saa hiyo, macho hayabanduki kwenye namba moja ukutani: hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Inacheza 50.02, 49.98, 50.05. Umeme ukizidi matumizi, inapanda; mtambo ukizima ghafla, inaporomoka. Ikianza kupanda unainua simu, unaomba wa Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, wapunguze, na kule mvuke unaachiliwa hewani. Inauma. Visima vile vilichimbwa kwa fedha nyingi, na mvuke wake unapotea bure kwa sababu usiku hakuna wa kuununua umeme wake.

Hapo ndipo watu husema, basi tuuweke kwenye betri. Mimi husema, subiri kidogo, ghala tunalo tayari. Ni mabwawa ya Mto Tana. Maji ya Masinga hupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma hadi Kiambere, yaani tone moja linazungusha vituo vitano. Upepo ukivuma, punguza maji, yabaki bwawani. Jioni mahitaji yakipanda, yafungulie. Mtambo wa maji hupanda kwa dakika chache tu, na kazi hiyo unaiweza vizuri kuliko mtambo wowote mwingine tulio nao. Ukame ukija ghala hilo hupungua, nalo hilo lihesabiwe mapema. Kwa hiyo ukipanga mradi wa upepo, kaa na watu wa mabwawa kabla hujakaa na muuza betri. Miradi mingi niliyoiona ikija na michoro mizuri haikuwa hata na ukurasa mmoja kuhusu maji.

Njia nyingine ni kuhamisha matumizi. Viwanda vya Kenya tayari vina bei nafuu ya usiku, nusu ya ile ya mchana kwa kila uniti inayostahili. Pampu za maji, vinu vya kusaga, mabasi na pikipiki za umeme, vyote hivi vinaweza kungoja hadi saa nne usiku.

Sasa betri. Usiulize tu ina megawati ngapi. Uliza inafanya kazi kwa muda gani. Betri ya Hornsdale, Australia Kusini, ilipoanza kazi mwishoni mwa 2017 ilikuwa na nguvu ya megawati 100 na akiba ya megawati-saa 129. Kwa nguvu zake zote inamalizika kwa saa moja na ushei. Ukikosa megawati 300 za upepo kwa saa kumi, unahitaji megawati-saa 3,000, yaani betri zaidi ya 20 za aina hiyo. Hakuna kaunti itakayolipa hayo.

Lakini kwenye sekunde za kwanza, betri haina mpinzani. Mitambo ya mvuke na ya maji ni vyuma vizito vinavyozunguka, na uzito huo huishikilia gridi kidogo pengo linapotokea. Usiku, upepo ukiwa mwingi, vyuma hivyo vinavyozunguka ni vichache. Pengo likitokea, hezi huanguka haraka kuliko mtu anavyoweza kuinua simu. Betri hulijibu pengo hilo kabla hujageuka kwenye kiti, ikashikilia mpaka Gitaru ipande. Ukinunua betri ya gridi, inunulie kazi hiyo kwanza.

Na usiiache betri peke yake. Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha laini kubwa Australia Kusini, volteji ikayumba mara kadhaa, na mashamba kadhaa ya upepo yakapunguza umeme kwa mpigo kwa sababu yalipangwa kuvumilia idadi fulani tu ya misukosuko. Jimbo zima likawa giza. Hapa kwetu, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, mitambo ya upepo ya Turkana ilipozima, nchi ikawa giza. Kampuni ya kusambaza umeme ilitaja kupotea kwa mitambo hiyo. Wenye mitambo wakasema volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi na mitambo ikajizima isiharibike. Hoja zote mbili zinakuelekeza kwenye mipangilio ya kinga, zile namba ndani ya rilei, vifaa vinavyozima mtambo au laini umeme ukienda kombo, ambazo wakubwa hawazisomi. Zidai kwa maandishi, za mitambo na za gridi, uzilinganishe mwenyewe.

Laini nayo isisahaulike. Mitambo ya Turkana ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaanza kupitisha umeme Septemba 2018. Mkataba ulidai wenye mitambo walipwe hata hivyo.

Siku ya kukabidhiwa mradi, kataa jaribio la mchana wakati mitambo mingi mizito inazunguka. Omba lifanywe usiku, mahitaji yakiwa chini kabisa na upepo ukivuma. Zimeni kundi moja la mitambo makusudi, mwangalie hezi, betri na rilei za vituo jirani. Betri ikiitika ndani ya sekunde na kusiwe na kituo jirani kilichojizima, hapo wekeni sahihi.